Namna ya Kujiandaa na Kushiriki Mashindano ya Tenisi ya Ridhaa kwenye Viwanja vya Nyasi

Wachezaji wengi wa tenisi kutoka Afrika Mashariki wamekulia kwenye viwanja vya saruji au vya udongo mwekundu ulioshindiliwa, ambako mpira hudunda ukafika kiunoni na kumpa mtu nafasi ya kujipanga kabla ya kupiga. Mchezaji wa namna hiyo anapohamia Uingereza, au anapokwenda huko kwa miezi ya kiangazi, akajiunga na klabu na kuandikisha jina lake kwenye mashindano ya ridhaa, hukutana na uwanja ambao mpira wake haupandi, haumsubiri, na mara nyingine hugeuka njiani bila sababu inayoonekana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye tayari anaujua mchezo, anajua kuhesabu gemu na seti, na sasa anataka kushindana kwenye nyasi kwa mara ya kwanza kati ya mwezi wa Juni na Agosti. Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja: kwenye nyasi, mchezaji wa ridhaa hushinda kwa kufupisha. Afupishe hatua zake, afupishe mwendo wa raketi kwenda nyuma, na aifupishe pointi yenyewe. Kisichofaa kufupishwa ni maandalizi.

Nyasi za klabu na nyasi za televisheni

Mpira unapogusa nyasi, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Majani hayaushiki mpira kama saruji yenye chengachenga inavyoushika, kwa hiyo mwendo wake wa kwenda mbele haupungui sana. Na wakati huohuo udongo ulio chini ya majani humeza sehemu ya nguvu ya kudunda, hivyo mpira hupanda kidogo tu. Mchezaji huona mpira unaokuja kwa kasi na kupita usawa wa goti, wakati mkono wake umezoea kuusubiri usawa wa nyonga. Mpira uliokatwa kwa chini, yaani uliopigwa ukazunguka kurudi nyuma, huzidi kubaki chini, na mpira uliozungushwa kwa mbele, ambao kwenye udongo humrukia mpinzani hadi begani, hapa hupoteza sehemu kubwa ya sumu yake.

Anayejifunza mchezo wa nyasi kwa kutazama Wimbledon kwenye televisheni anaweza kupotoka. Mashindano hayo yalianza mwaka 1877, na kwa miaka mingi yalitawaliwa na wachezaji waliopiga sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, kisha wakakimbilia wavuni. Hadi mwaka 2000, viwanja vyake vilioteshwa mchanganyiko wa asilimia 70 ya nyasi za raigrasi na asilimia 30 ya nyasi za fesku nyekundu. Kuanzia mwaka 2001 vinaoteshwa raigrasi tupu, inayostahimili zaidi kukanyagwa, na udongo wake ni mgumu na mkavu kuliko wa zamani, hivyo mpira hudunda juu zaidi na kwa namna inayotabirika. Fainali ya wanaume ya mwaka 2001 ilikuwa bado ya Goran Ivanišević na Patrick Rafter, wote wawili watu wa wavuni. Mwaka uliofuata Lleyton Hewitt alimshinda David Nalbandian katika fainali ya wachezaji wawili wa mstari wa nyuma. Tangu wakati huo mtazamaji amezoea kuona mipigo mirefu ya kutoka nyuma, na huenda akadhani kwamba ndivyo nyasi zinavyochezwa kila mahali.

Uwanja wa klabu ya kawaida ni kitu kingine. Kule Wimbledon nyasi hukatwa hadi milimita 8 katika siku za mashindano na kuna kikosi cha watunzaji wanaopima unyevu na ugumu wa udongo kila siku, wakati klabu ya mji mdogo inaweza kuwa na mtunzaji mmoja, mashine moja ya kukatia na roli ya kushindilia. Udongo ni laini zaidi, majani ni ya aina mbalimbali, na sehemu zilizochakaa hazilingani na zile zilizo kijani. Mpira hudunda chini zaidi kuliko ule wa televisheni, na mdundo mmoja kati ya kadhaa utakuwa wa ajabu. Kwa sababu hiyo, mbinu za zamani za kukata mpira, kusogea mbele na kuupiga kabla haujagusa chini zina thamani kubwa zaidi kwa mchezaji wa klabu kuliko kwa bingwa wa leo wa Wimbledon. Mpira unaopigwa hewani haujali uwanja una mashimo mangapi.

Kuchagua mashindano

Nchini Uingereza, mashindano mengi ya ridhaa husimamiwa chini ya chama cha tenisi cha nchi hiyo, LTA, na mchezaji hujiandikisha kupitia tovuti yake akiwa na uanachama. Kila mshiriki ana kiwango kinachoitwa World Tennis Number, ambacho huanzia 40 kwa anayejifunza na kushuka hadi 1 kwa mchezaji wa kulipwa wa ngazi ya juu, na kiwango cha mmoja mmoja huhesabiwa peke yake, tofauti na kile cha wawili wawili. Mashindano nayo yamepangwa kwa madaraja, ambapo namba ndogo ni ngumu zaidi. Namshauri anayeingia kwenye nyasi kwa mara ya kwanza aanzie daraja la chini kuliko lile analocheza kwenye saruji, kwa sababu atahitaji mechi mbili au tatu za kuzoea kabla uwezo wake halisi haujaonekana. Aangalie pia kama mashindano yana raundi ya faraja kwa waliotolewa mapema, au yanachezwa kwa makundi. Kusafiri saa mbili kwa treni ili kucheza dakika arobaini na kurudi nyumbani si njia nzuri ya kujifunza.

Zipo njia nyingine za kufika kwenye nyasi. Timu za kaunti hushindana kila kiangazi kwa siku tano mfululizo, katika utaratibu ulioanza mwaka 1895: kila timu hutoa jozi tatu, na kila jozi hukutana na jozi zote tatu za upande wa pili, hivyo pambano moja lina mechi tisa. Kundi la juu kabisa huchezwa Eastbourne, mji wa pwani ya kusini. Kwa aliyetimiza miaka 30, shirikisho la kimataifa la tenisi, ITF, lina mzunguko wa wachezaji wakongwe unaogawanywa kwa umri kila baada ya miaka mitano, na baadhi ya mashindano yake huchezwa kwenye nyasi. Anayetaka kuingia huko lazima kwanza apate namba ya utambulisho ya mchezaji iitwayo IPIN. Marekani nako kuna viwanja vya nyasi vyenye historia, kama vile Newport, ambako michuano ya kwanza ya taifa ilifanyika mwaka 1881, na Forest Hills jijini New York. Hata hivyo, kwa wingi wa klabu na urahisi wa kuingia, Uingereza ndiko mahali pa kuanzia.

Anayesafiri kutoka Kenya, Tanzania au Uganda ashughulikie viza mapema kuliko kila kitu kingine, na aambatishe uthibitisho wa kukubaliwa kwenye mashindano. Tarehe ya mwisho ya kujiandikisha na tarehe ya mwisho ya kujitoa bila adhabu ni tarehe mbili tofauti. Zote mbili ziandikwe kwenye kalenda siku ileile jina linapopelekwa.

Viatu, raketi na mavazi

Viatu ndilo suala la vifaa ambalo halina mjadala. Viatu vya nyasi vina soli iliyojaa vipele vidogo vya mpira, ambavyo huyashika majani bila kuuchimba udongo. Klabu nyingi hukataza viatu vya kukimbilia na soli zenye meno makubwa, na mtunzaji wa uwanja ana haki ya kumtoa mchezaji nje akiviona. Baadhi ya klabu hukubali viatu vya kawaida vya tenisi vyenye soli bapa, nyingine hazikubali, kwa hiyo swali hili liulizwe kwa maandishi wiki kadhaa kabla ya kwenda. Vipele hivyo huisha haraka sana vikisuguliwa kwenye saruji. Viatu vibebwe kwenye begi na kuvaliwa kando ya uwanja. Begi hilohilo liwe na jozi ya pili ya viatu vya uwanja mgumu, kwa sababu mvua ikinyesha waandalizi wanaweza kuhamishia mechi kwenye viwanja vya lami au vya ndani, na aliyekuja na vya nyasi peke yake atacheza akiwa katika hali mbaya.

Kuhusu raketi, sioni sababu ya kubadilisha mengi. Nyuzi zinaweza kulegezwa kidogo, si zaidi ya kilo moja, ili mpira wa chini uende mbali bila kulazimishwa, na kishikio kivalishwe utepe mpya, kwa kuwa unyevu wa asubuhi huingia kila mahali. Klabu nyingi za nyasi bado zinadai mavazi meupe au yenye sehemu kubwa nyeupe. Hilo nalo liulizwe. Jambo moja linalosahaulika na wageni ni chavua. Nchini Uingereza chavua ya nyasi huruka kwa wingi kati ya Mei na Julai, na mtu ambaye hajawahi kuugua mafua ya chavua maishani anaweza kujikuta macho yanatiririka machozi katikati ya seti. Amuone mfamasia kabla ya siku ya mashindano na aombe dawa isiyoleta usingizi, kisha aijaribu siku ya mazoezi kwanza.

Mazoezi pale ambapo hakuna nyasi

Wasomaji wengi watakuwa na siku chache tu za kufanya mazoezi kwenye nyasi zenyewe, au hawatakuwa nazo kabisa. Sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanyika kwingine, mradi mchezaji ajue anachokitafuta.

Kazi ya kwanza ni ya miguu. Kucheza mipira ya usawa wa goti kwa saa mbili huumiza mapaja, makalio, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo kwa namna ambayo saruji haiumizi, na anayeanza kukunja magoti siku ya mashindano hataweza kutembea siku ya pili. Kwa wiki nne hadi sita kabla ya kwenda, mara tatu kwa wiki, afanye mazoezi ya kuchuchumaa, ya kupiga hatua ndefu mbele huku goti la nyuma likikaribia kugusa ardhi, na ya kusogea pembeni akiwa amejishusha. Uchovu wa miguu ndio unaoharibu mpira wa chini, kwa sababu aliyechoka huacha kukunja magoti na kuanza kuinama kiuno kama mtu anayepalilia. Hapo kichwa cha raketi huning'inia, uso wake hufunguka, na mpira huenda wavuni au hupaa juu mno.

Kazi ya pili ni ya mkono. Achukue mipira ya zamani iliyopoteza upepo, ambayo hudunda chini, na amwombe mwenzake aipige kwa kuikata, upande wa mkono wa nyuma na wa mbele, bila kupumzika. Kanuni ni kwamba raketi isivuke bega kwenda nyuma. Kwenye nyasi mtu hana muda wa kufungua mkono wote, na mipira mingi inayopigwa kwa kuchelewa ilianza kuharibika pale raketi ilipokwenda nyuma kupita kiasi, si pale ilipogusa mpira. Voli, yaani mipira inayopigwa kabla haijagusa chini, zinaweza kufanyiwa mazoezi kwenye bustani yoyote yenye nyasi fupi, hata bila wavu, kwa sababu hazihitaji mdundo. Wawili wasimame hatua nane wakipigiana voli za chini huku kila mmoja akipiga kiruko kidogo cha miguu miwili kabla ya mwenzake kugusa mpira. Kiruko hicho ndicho kinachomwezesha mtu kubadili uelekeo kwenye uwanja unaoteleza.

Mchezaji anayetoka Nairobi ana jambo la ziada. Jiji hilo liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa yake nyepesi mpira husafiri mbali na kwa kasi. Ukipigwa kwa nguvu ileile karibu na usawa wa bahari, hudondoka mapema. Katika siku mbili za kwanza ataona mipira yake mingi ikiishia karibu na mstari wa sevu, na mpira mfupi kwenye nyasi humkaribisha mpinzani wavuni. Alenge juu ya wavu kwa kipimo kikubwa zaidi na asikimbilie kubadilisha nyuzi kabla mkono haujazoea. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa hana tatizo hilo.

Kabla ya pointi ya kwanza

Mchezaji afike mapema vya kutosha kuutembelea uwanja atakaochezea, ikiwa unaruhusiwa kukanyagwa. Ashike majani kwa kiganja. Kama mkono unatoka na unyevu, hatua za kwanza ziwe fupi zaidi. Aangalie nyuma ya mstari wa nyuma: katika siku za mwanzo za mashindano sehemu hiyo huwa kijani, laini na yenye majimaji ndani ya majani, na huteleza kuliko inavyoonekana, kuelekea mwisho huwa imebaki udongo mkavu wa rangi ya kahawia, ambao hushika mguu vizuri ila huvuruga mdundo pale udongo unapokutana na majani. Tarehe 29 Juni 2021, katika raundi ya kwanza ya Wimbledon, Adrian Mannarino aliteleza na kuumia goti, na baada yake, kwenye uwanja huohuo, Serena Williams naye aliteleza akalazimika kuacha mechi. Hao ni watu waliocheza kwenye nyasi kwa miaka mingi. Mtu wa ridhaa asione aibu kutembea kwa tahadhari katika gemu tatu za mwanzo, na asijaribu kamwe kuteleza kwa makusudi kuufuata mpira kama anavyofanya kwenye udongo.

Dakika tano za kupasha moto zisitumike kwa mipigo mirefu ya nyuma peke yake. Apige voli za kutosha, apige sevu kutoka pande zote mbili, na amtazame mpinzani anavyoupokea mpira wa chini upande wa mkono wa nyuma. Anayenyoosha miguu na kuupiga akiwa amesimama wima ametoa siri yake tayari.

Kucheza mechi

Sevu ndiyo silaha kuu, lakini kwa mchezaji wa klabu mahali inapoelekezwa pana uzito kuliko nguvu. Sevu ya kukata inayotoka nje ya uwanja, kwa anayetumia mkono wa kulia akisevu kutoka upande wa kulia, humtoa mpinzani pembeni na hudunda chini. Ile inayoelekezwa mwilini humbana, kwa sababu hana muda wa kujiondoa kwenye njia ya mpira. Sevu ya pili inayopandishwa juu kwa mzunguko, ambayo ni kimbilio la wengi kwenye saruji, haina faida ileile hapa, maana mara nyingi hukaa mahali pazuri pa kupigwa. Ni afadhali sevu ya pili nayo ikatwe na kuelekezwa mwilini au kwenye mkono wa nyuma. Ningependa asilimia kubwa ya sevu za kwanza ziingie hata kama kasi itapungua, kwa kuwa anayepokea sevu ya pili kwenye nyasi husogea mbele na kushambulia mara moja.

Kwenye kupokea, lengo ni kuurudisha mpira chini na katikati. Azuie mpira kwa mwendo mfupi wa raketi kana kwamba ni voli, uzito wa mwili ukienda mbele, bila kutafuta pointi ya moja kwa moja. Akiona mpinzani anakimbilia wavuni baada ya sevu, aupeleke mpira miguuni pake. Akiona anabaki nyuma, aukate uende mbali kisha yeye mwenyewe asogee mbele. Mpira wa kukata unaopigwa chini, kwenye mkono wa nyuma wa mpinzani, ukifuatiwa na hatua tatu au nne kuelekea wavuni, ndio mpigo unaolipa kuliko yote katika mechi za ridhaa za nyasi, kwa sababu mpinzani analazimika kuinua mpira kutoka chini ya goti juu ya wavu wenye sentimita 91.4 katikati, na mpira ulioinuliwa ni voli rahisi. Mpira mfupi wa kudondoshwa nao hufanya kazi vizuri, maana haudundi mbele, lakini utumike pale mpinzani aliposukumwa nyuma sana.

Voli ya chini inastahili kuelezwa kwa kina. Mchezaji akunje magoti hadi macho yake yakaribie usawa wa mpira, goti la nyuma likikaribia kugusa majani, kichwa cha raketi kisianguke chini ya kifundo cha mkono, na mpigo wenyewe uwe msukumo mdogo wa kwenda mbele. Asijaribu kuumaliza mpira kutoka mahali hapo. Voli ya kwanza huwekwa mbali na chini, na ya pili, inayokuja juu zaidi, ndiyo inayomaliza pointi. Wengi hupoteza gemu zao za sevu kwa kutaka voli ya kwanza ifanye kazi ya zote mbili.

Mchezo wa wawili wawili unapendwa sana katika klabu za nyasi, na mgeni afanye bidii kupata mwenzi, kwa kuwa ndiko atakakojifunza haraka. Jozi inayofika wavuni kwanza, watu wawili pamoja, hushinda pointi nyingi. Mpira wa katikati, kati ya wapinzani wawili, ni bora kuliko wa pembeni, na mpira wa juu unaomvuka mtu aliye wavuni hupata nguvu zaidi hapa, kwa sababu kugeuka na kukimbia nyuma juu ya nyasi ni jambo gumu na la hatari.

Mashindano mengi huweka taibreki, yaani gemu moja ya kuamua, ya pointi 10 badala ya seti ya tatu, na anayeshinda lazima amzidi mwenzake kwa pointi mbili. Kwenye nyasi, ambako anayesevu ana faida, pointi moja tu iliyopotea kwenye sevu inaweza kuamua matokeo, kwa hiyo kila sevu ya kwanza ndani ya taibreki ichezwe kwa usalama zaidi kuliko kawaida. Mwezi wa Julai 2022, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon kwa njia hiyohiyo: walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na wakaimaliza taibreki 11-9 dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana la mashindano makubwa manne ya dunia, na mimi hurudia hesabu ya taibreki ile kila ninapoona mchezaji aliyekata tamaa baada ya seti moja.

Kujiamulia mistari na kuishi na mvua

Katika mechi za ridhaa kwa kawaida hakuna mwamuzi kitini. Kila mchezaji huamua mipira inayoanguka upande wake, na hutamka kwamba mpira ni wa nje mara tu unapodunda, kwa sauti inayosikika upande wa pili. Mpira uliogusa mstari ni wa ndani, na wenye shaka ni wa ndani pia. Mchezaji akiutangaza mpira kuwa wa nje kisha akatambua kwamba ulikuwa mzuri, pointi hurudiwa, isipokuwa kama mpigo ule ulikuwa wa kushinda pointi au kama amewahi kukosea hivyo mapema katika mechi hiyo. Hapo hupoteza pointi. Kwenye udongo watu huenda kuangalia alama ya mpira, lakini nyasi haziweki alama ya kuaminika, kwa hiyo uaminifu wa jicho na wa moyo ndio kila kitu. Anayesevu atangaze hesabu kwa sauti kabla ya kila pointi, jambo dogo linalozuia ugomvi mkubwa. Pasipokuwa na maelewano, mchezo usimame na refa wa mashindano aitwe. Kuita refa ni utaratibu wa kawaida na haupaswi kuchukuliwa kama tusi.

Nyasi hazihitaji mvua kubwa ili zisichezeke. Manyunyu ya dakika kumi au umande wa asubuhi unatosha kusimamisha kila kitu, na uwanja huchukua muda mrefu kukauka kuliko saruji. Mchezaji akihisi miguu inamponyoka ana haki ya kumwomba refa aje aukague uwanja, na asisubiri hadi aanguke. Wakati wa kusubiri avae nguo za joto, ale kidogo kidogo, abadili soksi, na asiondoke eneo la klabu bila kumwarifu refa, kwani mechi huweza kuitwa kwa taarifa fupi, na asiyepatikana hupoteza bila kucheza. Katika mwezi wa Juni jua la Uingereza huzama baada ya saa tatu usiku, na ratiba iliyovurugika asubuhi hufidiwa jioni. Si ajabu mtu kucheza mechi yake ya pili wakati ambapo nyumbani angekuwa amekwisha kula chakula cha usiku. Jioni hiyo majani huanza kupata unyevu tena, mpira huwa mzito na hudunda chini zaidi kuliko mchana, na kukata mpira kunalipa maradufu.

Mechi ikiisha, mshindi ndiye ambaye kwa kawaida hurudisha mipira kwenye meza ya refa na kuandikisha matokeo. Aulize hapohapo saa ya mechi inayofuata na muda wa mapumziko anaoruhusiwa, hasa kama ameingia mashindano ya mmoja mmoja na ya wawili wawili siku moja, kisha avue viatu vya nyasi, avipanguse udongo uliokwama kati ya vipele, na aviweke mahali penye hewa vikauke kabla ya kuitwa tena.